Gari Lililokataa Kuwaka

Bahati, Nakuru
14 Januari 2024

Baba mpendwa,

Chamgei, hujambo. Mimi ni mzima huku, shule zimefunguliwa na nimepewa kidato cha pili, watoto hamsini na sita. Baridi ya Bahati si kama ya kwenu, lakini asubuhi navaa lile sweta la mama.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu juzi kwa simu nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia, na bado nilipokuuliza habari ya sikio ulinijibu habari ya ng'ombe. Basi tuandikiane. Nitampa barua karani wa vifurushi hapa steji, wewe utaichukua Olenguruone siku ya soko. Ukijibu, mpe huyo huyo.

Gari yako imefika salama. Lori liliishusha Jumamosi na sasa iko nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Mwenye ploti amekubali. Jirani yangu Gathogo, fundi aliyestaafu, aliizunguka mara tatu, halafu akaniambia Landrova ya zamani hivi haifi, inalala tu. Ameahidi kunifundisha kila wikendi. Mimi nitashika spana, yeye atashika kikombe cha chai na kunielekeza.

Najua ulitaka ibaki pale kwa boma. Ulisema "iacheni" mara mbili, hata siku lori lilipokuja ulikuwa umeenda shambani. Lakini baba, mimi nakumbuka ukibeba wagonjwa, ukibeba maiti, ukibeba viazi vya wajane bila kudai kitu, wakati hakukuwa na gari lingine kwenye mteremko ule lenye kuvuta magurudumu yote manne. Nilipotoka bweni likizo ya kidato cha tatu nikaikuta imefunikwa turubai, nililia kama ni mtu amekufa. Tangu mama atuache umenyamaza sana. Nataka uisikie ikiunguruma tena.

Wako,
Jerop


Olenguruone
2 Februari 2024

Kwako binti yangu Jerop,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu salama. Nasema "sisi" kwa mazoea, tuliobaki ni mimi na ng'ombe wanne. Yule mwekundu amezaa ndama jike. Viazi vimechimbwa na vingi vimeuzwa. Sikio la kushoto limekwisha kabisa, la kulia linasikia mtu akiinama karibu. Barua ni jambo zuri. Nilipokuwa afisa wa mifugo niliandika ripoti kila Ijumaa, na mkono bado haujasahau.

Kuhusu lile gari. Nakushukuru kwa nia yako. Lakini wewe ni mwalimu, una kazi yako, na gari lililolala miaka kumi na mitatu ni chuma tu. Wapo watu Nakuru wanaonunua chuma chakavu. Waite walikate, wachukue. Mimi sitakasirika hata kidogo.

Na si kweli kwamba nilibeba kila mtu. Watu husahau.

Jifunike vizuri asubuhi.

Baba yako,
Kipchirchir


Bahati
25 Februari 2024

Baba mpendwa,

Natumaini ndama anakunywa vizuri. Mimi nilikuwa na homa wiki moja, imepita. Wanafunzi wamegundua kwamba mwalimu wao ana grisi kwenye kucha na wananicheka.

Chuma chakavu hakitakatwa. Samahani. Kazi imefika mbali na siwezi kurudi nyuma.

Chesisi ilikuwa imeliwa na kutu huku nyuma, pale springi zinaposhikwa. Gathogo alikata sehemu mbovu na kuchomea vyuma vipya. Panya walikula waya zote. Breki ziliganda, nikazifungua moja moja kwa mafuta na nyundo mpaka mikono ikafanya malengelenge. Tenki ya petroli tumeiosha mara nne.

Lakini injini, baba, injini ni safi! Gathogo alitoa kichwa akatazama ndani akasema aliyeitunza gari hii alikuwa mtu mwangalifu. Nilijivunia kama ni mimi nimesifiwa.

Kuna kitu kimoja tu. Tulipofungua kifuniko cha distributa, hiki chombo kinachogawia plagi moto, hatukukuta rota. Wewe unaijua kuliko mimi: kakipande kadogo keusi, kanakaa kwa kiganja. Bila hako, stata inazunguka na kuzunguka lakini gari haiwezi kushika. Gathogo akasema, "Hii haianguki yenyewe. Kifuniko kimefungwa na klipu zake mbili, vizuri kabisa. Kuna mtu alitoa, akafunga."

Baba, ina maana gari yako haikuwahi kuharibika. Iliibiwa kitu cha ukubwa wa kifuniko cha soda na ikakaa hapo miaka yote hiyo.

Nakumbuka mama alisema kwamba mwaka ule Nyongesa, yule kijana aliyekuwa akitufanyia kazi na kuosha gari, aliondoka kwa sababu ya kitu cha gari. Ni yeye aliyechukua? Niambie ukweli. Nilikuwa shuleni, sikuwahi kuelezwa vizuri.

Wako,
Jerop


Olenguruone
9 Aprili 2024

Kwako Jerop,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa. Mvua imeanza kwa nguvu na barabara ya kwenda sokoni imekuwa uji, nikakosa siku tatu za soko mfululizo. Ndama ni mzima. Paa la ghala limevuja nikalirekebisha. Kasisi aliniuliza habari zako.

Gari la zamani lina mambo mengi. Rota huuzwa kila mahali hapo mjini, nunua nyingine kama ni lazima uendelee.

Yaliyopita usiyachimbue. Yule kijana alikwenda zake zamani.

Nimefurahi kwamba homa imekuacha.

Baba yako,
Kipchirchir


Bahati
28 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Pole kwa mvua. Hapa pia inanyesha, na shule zimefungwa kwa likizo, kwa hivyo nimekuwa chini ya gari kila siku.

Imewaka! Jana saa nne asubuhi. Rota niliipata kwa duka la spea mjini, niliporudi tukaifunga, nikavuta choki, nikawasha. Ilikohoa mara mbili ikatoa moshi mweusi, halafu ikashika na kutulia. Gathogo alivua kofia. Mimi nilikaa pale ndani nikilia na kucheka, nikisema, laiti baba angekuwa hapa.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, na usinigombeze.

Hukuniambia kama ni Nyongesa. Najua wewe, hupendi kumsema mtu vibaya hata akikukosea. Lakini yule dereva wa lori aliyeleta gari aliniambia tangu Januari kwamba humwona Nyongesa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru mjini, anachoma mahindi karibu na soko. Leo baada ya kanisa nilienda. Nilimjua mara moja, amekonda tu. Mkewe alikuwa kando yake akimenya mahindi, na wateja wanne au watano walikuwa wamesimama.

Nilimuuliza mbele yao, aliiuza wapi rota ya gari ya baba yangu. Nikamwambia kwamba kwa sababu ya wizi wake mlima mzima ulikosa gari miaka kumi na mitatu. Nilisema mengi, baba. Nilisema mpaka sauti ikanikauka.

Hakunijibu kwa hasira. Aliweka chini kile kipepeo cha kupepea makaa akasema, "Mwalimu, mimi nilijua kuosha hiyo gari tu. Kufungua boneti sikuwahi kufundishwa." Halafu akainama akaendelea kugeuza mahindi. Wateja walianza kuondoka mmoja mmoja, hata yule aliyekuwa amelipa.

Nilirudi nyumbani nikijiambia nimekutetea. Lakini tangu saa nane sijaweza kula. Niandikie haraka uniambie kwamba nilifanya sawa.

Wako,
Jerop


Bahati
2 Juni 2024

Baba,

Karani anasema barua yangu uliichukua tarehe saba mwezi wa tano, na kwamba uliifungua pale pale ukaisoma ukiwa umesimama. Ni karibu mwezi. Je, unaumwa? Nimepiga kwa kasisi akasema alikuona kanisani, lakini ulikaa benchi la nyuma na ukaondoka kabla ya maombi ya mwisho.

Nimekukosea wapi?

Jerop


Olenguruone
11 Juni 2024

Jerop, mtoto wangu,

Sitaanza na ng'ombe leo.

Hukunikosea. Nimeandika barua hii mara tano na zote nimezitia motoni. Hii nitamkabidhi karani kabla sijaisoma tena.

Rota niliitoa mimi.

Ilikuwa Aprili 2011, siku ya Alhamisi, saa sita mchana, mvua ya siku nne haijakatika. Nyongesa alikuja mbio kutoka kisimani akaniambia Kipkorir, jirani yetu wa chini, yuko njiani na watu. Mkewe Jepleting alikuwa ameshikwa na uchungu na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Walitaka gari liwafikishe hospitali ya Olenguruone. Ni kilomita tisa. Gari lingine lisingeweza kupita kwenye ule utelezi, langu lingeweza.

Ni lazima ujue kilichotangulia, ingawa ni kidogo hata naona haya kukiandika. Jumamosi kabla ya siku hiyo tulikuwa na mkutano wa josho la ng'ombe. Kipkorir alisimama akasema, "Mzee Kipchirchir akikubeba na gari lake siku moja, utasikia habari yake mwaka mzima." Watu walicheka. Walicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimewaka moto, na siku tano nzima nilikuwa nikitafuta njia ya kumrudishia.

Nilimtuma Nyongesa akafungue lango la chini. Akiwa huko nilifungua boneti, nikatoa rota, nikaitia mfuko wa koti, nikafunga. Sikutaka mtu afe. Nilitaka Kipkorir anibembeleze. Nilitaka aseme mbele ya wale watu, "Mzee, tafadhali, wewe ndiye tunayekutegemea." Ndipo ningejifanya nachunguza injini, nirudishe kile kipande, liwake, na niwe mkubwa.

Walifika watu sita. Jepleting walikuwa wamemfunga blanketi, alisimama chini ya upenu wa ghala ameshika nguzo. Niliingia ndani ya gari nikapiga stata. Ilizunguka. Nikapiga tena. Kipkorir hakunibembeleza. Alisema, "Tusukume." Walisukuma katika lile tope, uwanja mzima, mara mbili, wakianguka na kuinuka, Nyongesa akiwa mmoja wao. Mimi nilikuwa ndani nimeshika usukani, na rota iko mfukoni mwangu.

Kisha Kipkorir akasema hakuna wakati. Walikata miti miwili hapo kwenye ua wangu, wakafunga blanketi, wakambeba. Jepleting alipopitishwa karibu na dirisha la gari alinitazama akasema, "Pole, mzee, kwa gari."

Ningeweza hata hapo kurudisha. Ningewakuta njiani kabla ya daraja. Nilikaa nikifikiri jinsi nitakavyoeleza kwamba ghafla limewaka, na sikupata maneno, na muda ukapita. Mtoto alizaliwa njiani. Hakulia. Jepleting walimfikisha akiwa hai.

Siku ya tatu watu walikuja kunisaidia kutengeneza. Walikuja kwa wema. Mmoja aliyewahi kufanya kazi karakana alifungua akaona rota haipo. Wote wakageuka kumtazama Nyongesa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiliosha. Mimi sikusema ni yeye, Jerop. Miaka yote nimejishikilia kwa hilo, kwamba sikusema ni yeye. Lakini pia sikusema si yeye. Nilitazama chini. Aliondoka Jumatatu, na mtoto wa mtu akatukanwa kutoka lango letu mpaka barabarani.

Rota niliitupa chooni. Gari nilifunika turubai, maana lingewaka wangeuliza.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Nilimwambia gari ni chuma, huharibika. Hakuuliza tena, na mimi naamini alijua.

Sasa wewe umekwenda kumwaibisha mtu yule mbele ya mkewe kwa ajili yangu. Uliniandikia wakati ule wa Februari, "Ni yeye?" Ningejibu neno moja tu, hili lisingetokea. Nilijibu habari za paa la ghala.

Sijui nikusalimu vipi mwishoni.

Kipchirchir


Bahati
30 Juni 2024

Baba,

Nimepata barua. Nimesoma mara moja tu, siwezi mara ya pili.

Jumapili iliyopita nilirudi Kaptembwo. Nilipomwona Nyongesa miguu ilitaka kugeuka. Mkewe, anaitwa Akeyo, alisimama mbele ya jiko akaniuliza kama leo nimekuja na polisi. Nilisema nimekuja kuomba msamaha kwa sababu nilidanganyika, si yeye, ni mtu wa nyumbani kwetu. Watu wa siku ile hawakuwa hapo. Nyongesa aliniuliza, "Ni mzee mwenyewe?" Sikutaka kusema. Nilitikisa kichwa kukubali. Alikaa chini kwenye debe lake.

Nilitaka kumpa kitu. Alikataa kabla sijafungua mkoba. Alisema anataka jambo moja: wewe uje mwenyewe, hapo hapo kwa jiko, useme mchana watu wakiwa wengi. Akeyo aliolewa na mtu ambaye watu wa kwenu waliofika mjini walikuwa wakinong'ona kuwa ni mwizi. Kwa ajili hiyo Nyongesa alikosa kazi ya karakana, na hata kazi ya ulinzi.

Shule zikifungwa Agosti nitakuja kukuchukua na hiyo gari. Nitaileta mpaka kwa boma, majirani waisikie. Usiniambie nije na njia nyingine.

Lakini kabla sijafika, uwe umeenda kwa Kipkorir na Jepleting. Sitakupeleka kwa Nyongesa ukiwa umepita lango lao bila kuingia.

Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari zako, baba. Nilikutumia kama mfano.

Jerop


Olenguruone
21 Julai 2024

Kwako Jerop,

Nimekwenda. Ilinichukua wiki mbili. Mara tatu nilifika kwenye lango lao nikarudi, mara moja nikajifanya natafuta ndama.

Jana nilikwenda alasiri. Wote wawili walikuwepo. Kipkorir alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, Jepleting akaweka chai mbele yangu. Sikuigusa. Nilisema kabla ujasiri haujanitoka. Nilisema kama nilivyokuandikia wewe, na habari ya josho, na habari ya Nyongesa. Sikulia, maana niliona si haki yangu kulia nyumbani kwao.

Kipkorir alitazama mikono yake muda wote. Nilipomaliza niliinama karibu ili sikio langu lisikie. Ni Jepleting aliyesema, tena polepole, kama anayetafuta kitu alichokisahau. Aliniuliza, "Siku ile nilikupa pole. Wewe ulinijibu nini?"

Katika barua yangu sikukuandikia hilo, Jerop. Nilidhani nitaenda nalo kaburini.

Nilimwambia, "Nilisema asante."

Aliinuka, akachukua ndoo ya kukamulia, akatoka nje. Haikuwa saa ya kukamua.

Nilimwambia Kipkorir kwamba wazee wakikaa watakalosema nitalitii. Alisema hataki wazee, hataki ng'ombe wangu, na asingependa mtoto wake apimwe kwa ng'ombe. Alinisindikiza mpaka langoni kama mgeni. Akasema kwamba kwa miaka kumi na mitatu amejilaumu kwa kupoteza muda kwenye gari langu, kwamba angembeba mkewe moja kwa moja wangefika. Halafu akafunga lango.

Leo Jumapili nilisimama kanisani nikasema habari ya Nyongesa. Hiyo ya mtoto sikuisema, maana ni ya wenyewe. Watu hawakunitukana. Waliniachia nafasi tu kwenye benchi, huku na huku.

Njoo na gari. Nitakuwa tayari.

Baba yako


Olenguruone
19 Agosti 2024

Kwako Jerop,

Salamu. Nimekuwa nikisubiri nguvu za kuandika tangu uliponishusha hapa, ukageuza gari bila kuingia ndani. Sikukulaumu. Siku hiyo gari lilipopanda mteremko asubuhi kuja kunichukua, watu walitoka mashambani kulitazama. Hakuna aliyepunga mkono. Nilikuwa nimevaa tayari tangu alfajiri, na niliposikia sauti yake, maana ile hata mimi naisikia, nilitoka nikasimama langoni. Lilikuwa zima. Kazi yako ni nzuri na sikupata nafasi ya kukuambia.

Kuna mambo uliyoyaona Kaptembwo na kuna moja hukusikia, na njiani tukirudi uliniuliza mara mbili, nami nikatazama dirishani.

Ulichokiona ni hiki. Tulipofika, Nyongesa alisimama. Mimi nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Yeye alichukua lile debe analokalia, akalipangusa kwa kitambaa, akaniwekea nikae, kwa sababu mimi ni mzee. Maneno yote niliyopanga yalinitoka. Nikakataa kukaa, nikasema tu nilivyoweza: kwamba mimi ndiye niliyetoa kile kipande, kwamba huyu hakuiba kitu, kwamba nilinyamaza watu walipomfukuza. Siku hizi sijui kama sauti yangu iko juu au iko chini. Uliniambia baadaye kwamba hata wauza nguo wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Akeyo aliniambia nirudie, maana watoto walikuwa ndani ya nyumba yao hapo nyuma. Wakatoka watatu, wakasimama mlangoni, nikarudia.

Halafu Nyongesa aliinama kwenye sikio langu la kulia. Wewe ulikuwa umesimama karibu na gari. Alisema, "Mama yangu alizikwa mwaka juzi, akiamini mwanawe ni mwizi. Habari ilimfikia kule kwetu kabla yangu. Mpaka anakufa alikuwa akinihesabia vijiko."

Ndicho alichosema. Ndicho kilichonishinda kukuambia ndani ya gari.

Nilimuuliza nifanye nini. Alisema hajui. Niliomba anipeleke kwao, karibu na Webuye, niseme kwa kaka zake na pale mama alipolazwa, ingawa aliyelazwa hasikii. Alifikiri akasema Desemba huenda nyumbani na watoto, kama nitakuwa hai nimtafute. Sikujua kama ni ndiyo au hapana. Nimeamua kuichukua kama ndiyo.

Jepleting sasa akinikuta njiani hupita upande wa pili. Mimi nasimama na kuvua kofia mpaka apite.

Ndama amekua. Nilimpa jina la majivuno lakini silipendi tena. Ukija utamchagulia lingine, kama utakuja.

Baba yako,
Kipchirchir


Bahati
27 Agosti 2024

Baba,

Salamu. Shule zimefunguliwa wiki hii, sauti imeniishia tayari. Gathogo anakusalimu. Sijamwambia yote, amejua nusu na hakuuliza nusu nyingine.

Nilipita Kaptembwo jana kununua mahindi. Akeyo alinichagulia mawili akanitajia bei kama mteja yeyote, nikalipa. Nilimuuliza Nyongesa habari ya Desemba. Alisema wao ni watano na mizigo, na basi za mwezi huo ni taabu.

Kwa hivyo nimeanza kutengeneza benchi mbili za mbao za kukaa ndani ya gari huku nyuma, na turubai juu, kama mvua itanyesha. Nitaendesha mimi. Wewe utakaa huku nyuma na watoto, Akeyo akae mbele.

Bado nina hasira, na sijui itaisha lini. Jumamosi nakuja kuona ndama. Nitalala.

Jerop